Bakuli la Bi Tunu na Kadi ya Hospitali

Iko nchi moja, msiniulize upande gani, maana wenyeji wake ni watu wa haya na hawapendi kunyooshewa kidole. Inaitwa Jamhuri ya Adabu. Kwingine watu husifiwa kwa mali au kwa vita. Waadabu husifiwa kwa kutokohoa mbele ya wakubwa. Barabara zao zina mashimo, lakini kila shimo lina kibao kilichoandikwa "Samahani". Umeme ukikatika, mtu wa shirika hupita mitaani na kipaza sauti akiwatakia wananchi giza jema.

Katika adabu zao zote, iliyo kuu ni adabu ya chombo. Jirani akikuletea chakula kwenye sahani, sahani hairudi tupu. Utatia chochote ulicho nacho, ndizi mbili, konzi ya mchele, hata chumvi. Ni desturi njema na mahali pengi ipo, ila Waadabu peke yao ndio walioiingiza kwenye katiba, tena ibara ya kwanza, kabla ya ile inayosema kwamba nchi ipo.

Sasa serikali ya Adabu ilikuwa mwazimaji mkubwa. Haikuchukua kitu cha mtu hata mara moja; iliazima tu. Ilipopata uhuru iliazima kengele ya shule moja ya mjini ili ipigwe usiku ule. Baadaye ikaazima trekta la wakulima wa bondeni, kisha bonde lenyewe. Na kwa kuwa chombo hakirudi kitupu, ikaunda Kamati ya Taifa ya Kitu cha Kutia, kazi yake kukaa na kuamua kila kilichoazimwa kirudi na nini ndani yake. Kamati ilikuwa bado iko kwenye kengele. Wajumbe wa mwanzo walitaka asali. Waliorithi viti vyao wakaegemea mchele. Na hakuna aliyejua kwa yakini mchele unakaaje ndani ya kengele. Wanafunzi wa shule ile, ambao sasa wana wajukuu, inasemekana hawajaambiwa mpaka leo kwamba kipindi kimekwisha.

*

Siwema alikuwa mchoraji katika Wizara ya Maendeleo Yanayoonekana. Alikuwa msichana wa sauti ndogo, aliyekiomba radhi kiti akikigonga. Chuoni alisomea uchoraji wa kompyuta, na wizara ikamwajiri achore Mji wa Kesho.

Mji wa Kesho haukuwa na kiwanja wala msingi. Ulikuwa ndani ya kompyuta ya Siwema, na kila mtu alikiri kwamba ndio mji bora kuliko yote nchini. Haukuwa na nzi. Jioni wakubwa walikuja ofisini kwake, wakakaa mbele ya kioo kikubwa na kusema kwamba upepo wa pale ni mzuri. Mkubwa mmoja aliomba apewe nyumba, akapewa. Baada ya wiki akaomba ahamishwe, kwa sababu nyumba ya jirani yake ilichorwa na ghorofa ya ziada.

Kuchora mji kama huo kunataka kadi ya picha. Kwa asiyeijua, ni kibao chenye feni kinachokaa tumboni mwa kompyuta, na kazi yake ni kuchora kila kionekanacho kwenye kioo. Kadi dhaifu huchora mti. Kadi yenye nguvu huchora mti na upepo unaoutikisa. Na ndani ya kila kadi mna chipu, ubongo mdogo kuliko ukucha wa mtoto, unaotengenezwa katika viwanda vichache sana vya mbali.

Basi ukaingia uhaba. Huko mbali kiwanda kimoja kilikosa maji ya kuoshea chipu, kingine kikashika moto, na meli zikapanga foleni nje ya bandari. Chipu chache zilizopona zilinyakuliwa na wacheza michezo ya kompyuta, na wale wanaochimba sarafu zisizoshikika. Dunia nzima ikawa inatafuta kadi. Katika Adabu zilikwisha kabisa, na wenye maduka wakaacha maboksi matupu dirishani ili mteja asijione amedharauliwa.

Waziri wa Maendeleo Yanayoonekana, Mheshimiwa Shekuwe, akalihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "chipu hutengenezwa kwa mchanga. Sisi tuna mchanga. Kwa hiyo hatuna uhaba wa chipu. Tuna chipu ambazo bado hazijaamka."

Kesho yake askari waliuzingira ufuo, na watoto wakakatazwa kujengea vijumba vya mchanga, wasije wakaharibu teknolojia ya taifa. Lori likamwaga rundo mbele ya wizara, pakawekwa kibao cha Kiwanda cha Taifa, na rundo likapata mkurugenzi, naibu wake, na dereva wa naibu. Paka wa jirani ndiye aliyekuwa wa kwanza kunufaika nalo.

*

Siku ya kufungua Mji wa Kesho ilikaribia. Mtukufu Mlezi wa Taifa mwenyewe angekuja kukata utepe mbele ya kioo, uwanjani, watu wakishuhudia. Mheshimiwa Shekuwe akaja kuukagua mji, akaupenda, ila aliposimama mbele ya chemchemi ya katikati ya bustani akakunja uso. Maji yalikuwa yametulia kama kioo cha kabati.

"Mbona maji haya hayana furaha?" akauliza.

Kikao kizima kikatazama viatu. Mkurugenzi wa Siwema, Bwana Mwinchande, alitazama vya waziri. Na Siwema, ambaye hakuwahi kusema neno katika kikao chochote tangu aajiriwe, akasikia sauti ikitoka, na ikawa yake.

"Tukipata kadi moja zaidi," alisema, "maji yatacheza."

Ni hayo tu aliyosema. Baadaye aliyarudia moyoni mara nyingi, akitafuta ubaya wake uko wapi, maana yalikuwa kweli, na yalisemwa kwa upole.

Wizara ikaanza kuazima. Kuazima kwa serikali kuna sherehe yake. Waziri huja na ngoma, amebeba sinia tupu lililofunikwa kawa, husimama mlangoni, huifunua kawa na kusema, "Jirani, tuna mgeni." Mwadabu hawezi kumnyima mtu mwenye mgeni, bora afe. Idara ya Hali ya Hewa ikatoa kadi yake, na tangu siku ile ikawa inatangaza kwamba kuna mvua baada ya mtumishi mmoja kurudi ofisini amelowa. Chuo cha Ramani kikatoa yake. Lakini kadi hizo zilikuwa kuukuu, na maji ya Siwema yalitikisika kidogo tu kama mtu anayepiga chafya, yakatulia.

Ndipo Bwana Mwinchande akaleta nyingine, amebeba kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito, ya kisasa, na ubavuni ina karatasi iliyogandishwa: CHUMBA CHA PICHA ZA KICHWA. TARATIBU, MGONJWA YUMO NDANI.

Siwema aliisoma, akaisoma tena.

"Hii ni ya hospitali, Bwana Mkurugenzi."

"Ya Hospitali ya Taifa. Wametuazima kwa moyo mweupe kabisa. Mganga Mkuu alilia."

"Alilia kwa furaha?"

"Siwema," akasema Bwana Mwinchande, "machozi hayana rangi."

Akaibandua ile karatasi, akaitia kadi kwenye kompyuta. Maji yakaruka. Yalipanda juu, yakafunguka kama mwavuli, yakaanguka yakimetameta, na kila tone lilibeba ndani yake kipande cha mbingu. Wakubwa wakapiga makofi. Kilichomchoma Siwema ni kwamba yalikuwa mazuri, na kwamba yeye mwenyewe, kwa dakika nzima, alisahau yametoka wapi.

Karatasi ya hospitali hakuweza kuitupa. Aliibandika chini ya meza, mahali pasipoonekana. Lakini kila alipokaa, goti lake liligusana nayo. Alijiambia kwamba Hospitali ya Taifa ni kubwa, haikosi kadi nyingine. Goti halikusadiki.

*

Na nyumbani kwake mlikuwa na bakuli.

Lilikuwa la bati, la samawati, lenye ukingo mnene uliopinda. Siwema alipougua homa, jirani yake Bi Tunu alimletea uji humo, akamshika paji la uso, akamwacha alale. Siwema alipopona aliliosha vizuri, akaliweka dirishani, akasema, mshahara ukitoka nitalirudisha na sukari. Mshahara ukatoka ukapita. Mwezi wa pili akaona sukari haitoshi tena kwa bakuli lililokaa muda wote huo. Angalau mchele wa nazi. Sikukuu ilipopita akaona sasa ni biriani. Kila siku iliyoongezeka, kitu cha kutia nacho kilikua, mpaka akajikuta anakadiria mbuzi, na mbuzi haingii kwenye bakuli.

Akaanza kupita njia ya nyuma. Akimsikia Bi Tunu anafagia uani, yeye alifunga redio, akatembea ncha ya vidole ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mume wa Bi Tunu alikuwa Mzee Fumo, mshonaji wa mtaa ule, mtu aliyesifika kwa mishono iliyonyooka kama mstari wa rula. Siku zile kazi yake ilianza kuwa ya ajabu. Mteja mmoja alipokea kanzu yenye mfuko mgongoni. Mwingine alipata suruali ambayo mguu mmoja ulifungwa chini. Lakini hii ni Adabu, na mzee haambiwi. Mwenye kanzu akawa anapapasa mgongo akitafuta nauli. Mwenye suruali akawa anaruka. Mtaa mzima ulivaa makosa ya Mzee Fumo na kumpa shukrani, na kwa hiyo hakuna aliyemwambia kwamba macho yanamwacha, mpaka alipojichoma sindano kidoleni na kudhani ni siafu.

Habari zilimfikia Siwema kwa muuza vitumbua. Kwamba Mzee Fumo anapofuka. Kwamba amepelekwa Hospitali ya Taifa akapigwa picha za kichwa, na tangu hapo anasubiri.

Siwema aliviacha vitumbua vyake juu ya meza ya yule mama. Alikwenda nyumbani moja kwa moja, akalitoa bakuli dirishani, akatoka nalo hivyo hivyo, halina kitu. Alihisi anatembea uchi.

*

"Hodi, Bi Tunu."

"Karibu mwanangu. Umeadimika kama nini."

"Shikamoo."

"Marahaba. Pita, usisimame juani."

Siwema hakupita. Alinyoosha mikono. "Nimeleta bakuli. Halina kitu ndani. Nisamehe."

Bi Tunu alilipokea, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye ukingo. Macho yakamjaa machozi.

"Fumo," akaita ndani, "bakuli lako limekuja."

Kisha akaeleza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi. Lile lilikuwa bakuli la mumewe. Kwa ule ukingo mnene alikuwa anaweka dole gumba, akajua uji umefika wapi hata asipouona. Tangu macho yazidi kufifia, amejaribu sahani zote za nyumba, na zote zinammwagikia kifuani. Juzi alikataa kula kabisa mbele ya wageni.

"Si ungekuja kulichukua, Bi Tunu."

"Ningekujaje? Ungedhani nakusimanga kwa uji. Nikasema, huyu binti wa watu anatafuta cha kutia, nisimharakishe." Akalifuta bakuli kwa upindo wa kanga, ingawa lilikuwa safi. "Tulilitaka lenyewe, mwanangu. Cha kutia tungepika."

Mzee Fumo alikuwa amekaa mkekani, uso ameuelekeza kwenye ukuta akidhani ndiko mlangoni. Alimkaribisha Siwema kwa furaha, akamsimulia mambo yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Daktari amesema kuna uvimbe nyuma ya macho, unayasukuma. Unaweza kutolewa, lakini mpasuaji hapitishi kisu mahali asipopaona. Picha zimepigwa, tatizo ziko vipande vipande kama mkate wa dukani, na kadi ya kuziunganisha ziwe kichwa kimoja imeazimwa.

"Serikali ina mgeni," alisema. "Nasikia kadi ya kichwa changu iko kwenye Mji wa Kesho. Mimi Fumo, ambaye hata makao makuu ya wilaya sijafika."

Akacheka. Bi Tunu naye akacheka kidogo, kwa kumfuata.

"Samahani," Siwema alisema.

"Ya nini tena, mwanangu?"

Siwema aliinuka, akaaga. Katika Adabu si vizuri kulia kwenye nyumba ya mgonjwa. Mgonjwa atajiona mgonjwa.

*

Kesho yake alimwendea Bwana Mwinchande, na Bwana Mwinchande akampeleka kwenye Kamati ya Taifa ya Kitu cha Kutia. Wajumbe walikuwa wamekaa kuizunguka ile kengele, mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Siwema alieleza habari ya hospitali. Alieleza vibaya, kwa kurudia rudia, lakini alieleza.

Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, macho ameyafumba kwa heshima.

"Binti, tuseme tunairudisha leo. Na nini ndani yake?"

"Bila kitu, Mheshimiwa. Wanaitaka yenyewe."

Mjumbe mmoja akafunika mdomo. Mwenyekiti akamhurumia.

"Wewe bado mdogo. Hospitali itatuona watu wa namna gani? Serikali nzima, na mgeni wake, inarudisha chombo kitupu kama mtu asiye na mama?"

Wakajadiliana hata hivyo, kwa ajili yake. Mmoja alipendekeza karafuu, mwingine akauliza kama karafuu hazitaingia kwenye feni. Wakakubaliana kwamba kadi iingie kwenye foleni, nyuma ya bonde, na bonde liko nyuma ya trekta.

"Na mgonjwa akipofuka?" Siwema aliuliza.

"Akipofuka," Mwenyekiti alisema kwa upole wa kweli, "hataona kwamba tumechelewa. Hiyo nayo ni sitara."

*

Asubuhi ya ufunguzi Siwema alifika ofisini kabla ya wenzake. Alifungua kompyuta, akaitoa kadi, akaibandua ile karatasi chini ya meza na kuirudisha mahali pake ubavuni. Kadi akaitia kwenye sinia, juu yake akafunika kawa. Mlangoni walinzi waliiona kawa wakatazama pembeni. Katika nchi ile mtu hachungulii chini ya kawa ya mwenziwe, hata kama inatoka wizarani asubuhi na mapema ikiwa imebebwa na msichana anayetembea upesi.

Mganga Mkuu wa Hospitali ya Taifa, Daktari Kheri, alikuwa mzee mwembamba mwenye macho ya mtu anayesikia mengi. Siwema alipoifunua kawa, alishika ukingo wa meza.

"Imerudi," alinong'ona. Kisha akainama, akatazama chini ya kadi, na nyuma yake. "Na ndani yake?"

"Hamna kitu, Daktari."

Alirudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyegusa pasi.

"Basi siwezi kuipokea. Nikipokea chombo kitupu cha serikali, nitakuwa nimeiaibisha serikali." Mikono yake ilikuwa imeshatangulia mbele, aliirudisha nyuma na kuifungia mgongoni. "Binti, nakuomba. Tafuta chochote. Wagonjwa wangu wako kwenye benchi."

Siwema alitoka mbio. Langoni palikuwa na mama anakaanga kalimati. Alinunua za moto, akarudi akipumua kama mvukuto, akaziweka kwenye sinia, pembeni ya kadi. Daktari Kheri alizitazama zile kalimati kama mtu anayetazama mwezi wa Idi.

"Sasa imerudi," alisema. Akaichukua kadi, akaondoka nayo akikimbia, koti jeupe likipepea, mzee wa umri ule. Kalimati alizisahau.

Siwema alisimama pale na sinia. Alipaswa kuona raha. Lakini alipita mbele ya benchi wakati wa kutoka, na benchi lilikuwa refu, na watu wote waliokaa pale walimwitikia salamu yake vizuri, hata wale waliogeuza nyuso upande usio wake.

*

Uwanjani Mtukufu Mlezi alikata utepe. Kioo kikawaka, ukatokea Mji wa Kesho na barabara zake zisizo na samahani, na watu wakashangilia. Kisha chemchemi ikapanda juu, ikafunguka, ikaganda hapo hapo hewani. Ndege wakasimama angani. Mtoto aliyekuwa anabembea katika bustani akabaki juu, miguu imenyooka, na hakushuka.

Shangwe zikakatika. Siwema, nyuma ya mitambo, alisubiri kukamatwa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kikao akahisi nafuu. Alitaka sana kukamatwa.

Mheshimiwa Shekuwe akasogea kwenye kipaza sauti.

"Mtukufu Mlezi," alisema, "maji yamesimama kwa heshima yako."

Mtukufu alitafakari. Uso ukamfunguka. Akainamisha kichwa kuyaitikia maji, na uwanja mzima ukainuka na kusimama kimya, kuyaunga mkono. Tangu siku ile mabomba ya mji, ambayo yalikuwa makavu miaka na miaka, yanatajwa katika taarifa za serikali kuwa yamesimama kwa heshima.

Wakauliza nani fundi wa maji haya. Siwema akavutwa mbele, akavalishwa Nishani ya Maji Yaliyosimama, na kipaza sauti kikaletwa mdomoni mwake. Alikusanya moyo wake wote.

"Hayakusimama," alisema. "Nimeitoa kadi. Nimeirudisha hospitali."

Mheshimiwa Shekuwe alikiwahi kipaza sauti kabla watu hawajapumua.

"Mmesikia? Kadi imerudi! Kazi imekwisha, na chombo kimesharudi, na nina hakika hakikurudi kitupu."

"Kulikuwa na kalimati," Siwema alisema, kana kwamba aliulizwa.

Shangwe zikapanda. Kilikuwa chombo cha kwanza kurudishwa na serikali tangu uhuru. Kamati ya Kitu cha Kutia ikapandishwa cheo pale pale, ikawa wizara kamili, na Waziri wake mpya akaahidi kwamba habari ya kengele sasa itaangaliwa kwa jicho la kalimati.

*

Mzee Fumo alipasuliwa wiki ile ile. Uvimbe ulitoka wote. Jicho la kulia likarudi, kwanza ukungu, kisha rangi, kisha uso wa Bi Tunu. La kushoto halikurudi. Daktari Kheri aliwaeleza wenyewe kwamba lingepona kama picha ingepatikana mapema kidogo; akaomba radhi kwa kuitaja sababu.

Siwema alikwenda kumtazama, akamkuta amekaa kizingitini, kitambaa kimefunika upande mmoja wa uso. Safari hii hakusubiri kukaribishwa.

"Mzee Fumo, ni mimi. Kadi yako, mimi ndiye niliyeiomba. Nilisema kikaoni, tukipata kadi moja zaidi, maji yatacheza. Ilikuja na karatasi ya hospitali, nikaisoma, na bado nikaitia."

Mzee Fumo alikigusa kile kitambaa cha usoni. Siwema alitamani apigwe.

"Yalicheza?"

"Yalicheza."

"Yalikuwa mazuri?"

Alitaka kusema hapana. "Mazuri sana," alisema.

"Basi heri." Akageuza kichwa chote ili jicho lake moja limpate vizuri. "Ningeumia zaidi yangekuwa mabaya. Na la kushoto usilililie, mwanangu. Wakati wa kutunga uzi nilikuwa nalifumba."

Siwema alijitahidi kucheka, kwa kuwa mzee alikuwa anangoja acheke. Alijua kuna mambo mengine mtu huyafanya kwa macho mawili, na alijua kwamba mzee naye anajua.

Alipokuwa anaondoka, Bi Tunu akamfuata na uji, ndani ya bakuli la samawati, lenye moshi. Alikataa, na Bi Tunu akasema mtu hatoki kwa mgonjwa mikono mitupu. Siwema akalibeba mpaka kwake, akaunywa uji amesimama, ukamchoma ulimi, akaunywa hivyo hivyo mpaka mwisho. Akaliosha bakuli. Nishani ilikuwa mezani. Aliishika, akaifikiria, akaiacha.

Akatoka nalo mbio, linadondosha maji, kwa njia ya mbele. Mtaa ulimwona. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika nguo alichungulia bakuli, akalikuta tupu, akageuka upande kwa aibu, kwa niaba yake. Mwenye suruali ya mguu uliofungwa aliacha kuruka.

Mzee Fumo alikuwa bado kizingitini. Alinyoosha mikono, akalipokea, akalizungusha taratibu huku dole gumba likiufuata ukingo mnene mpaka lilipoanzia, kisha akakishusha kidole hicho ndani, mpaka chini kwenye unyevu.

"Halina kitu," Siwema alisema.

"Ndilo lenyewe," akasema Mzee Fumo.